Nilimtangaza Mjomba Amekufa Ili Malori Yake Yauzike

Nilimtangaza mjomba wangu amekufa, na alikuwa hai. Asubuhi hiyohiyo, nusu saa kabla sijabonyeza kitufe cha kutuma, alikuwa amenipigia simu kuniuliza kama huku Makambako nasi tumeamkia ukungu.

Nilimjibu, tukacheka, nikakata simu. Kisha nikamuua.

Hakuna aliyenituma, wala sikuwa na njaa. Nilikuwa na akili zangu zote. Naandika haya bila jina langu kwa sababu mtaa mzima wa Mahongole unanijua, lakini kosa nalikubali kabla sijaanza kulieleza. Ni langu peke yangu.

Ngoja nirudi nyuma ili mnielewe, maana ukisikia mtu amemtangazia ndugu yake kifo unaweza kudhani kulikuwa na shamba la kugombea. Hakukuwa na shamba. Kulikuwa na malori ya kuchezea.

Mjomba anaishi Kifanya, kando ya barabara ya Songea. Ni kaka wa mama yangu mzazi, ambaye alishatangulia mbele ya haki. Mkewe naye alishafariki, na watoto wake wamehamia Mbeya. Miaka mingi alikuwa fundi seremala wa milango na madirisha. Mgongo ulipoanza kumsumbua akaacha milango, akaanza kutengeneza malori kwa mabanzi ya paina anayookota kwenye mashine za kupasulia mbao.

Sizungumzii vile vigari vya kukokota kwa kamba. Lori la mjomba lina milango inayofunguka, tela linalokata kona, na vioo vya pembeni vya kipande cha bati. Mgongoni limebeba magogo membamba kama penseli, yamefungwa mnyororo wa mkufu wa zamani. Hukaa barazani akitazama malori ya kweli yakipita na mizigo ya mbao, kisha huingia ndani na kulitengeneza lile lililompendeza, mpaka maneno yaliyoandikwa nyuma. Chini ya kila lori, kwa penseli, huandika tarehe aliyolimaliza.

Mimi ndiye niliyeyapeleka mtandaoni. Nina duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na stendi ya Makambako, kwa hiyo simu, picha na mtandao ndiyo kazi yangu. Nilifungua ukurasa, nikapiga picha nzuri kwenye mwanga wa asubuhi, nikawa natuma malori kwa mabasi. Watoto hawakuwa wateja wetu. Walikuwa watu wazima, wakusanyaji, wale wenye makabati ya vioo sebuleni na magari madogo yamepangwa kama yako kwenye foleni.

Mwanzoni yalikwenda vizuri, kisha yakasimama. Kila nikifika Kifanya nakuta chumba cha nyuma kimejaa, na mjomba ananiuliza kwa utani, "Vipi, mpwa wangu, haya yamekwama mizani?"

"Yatatoka tu, mjomba."

"Basi mwambie askari wa mizani kwamba dereva hajazidisha uzito."

Nilikuwa nacheka, lakini iliniuma. Niliona aibu. Nilikuwa nimemwahidi kwamba mtandao utayamaliza.

Siku moja nikamuuliza mteja wetu wa zamani, baba mmoja wa Dar es Salaam mwenye malori yetu sita, kwa nini hanunui tena. Akanijibu kwa sauti iliyorekodiwa, tena kwa upole kabisa: "Dada, nitakimbilia nini? Fundi yupo. Nikikosa hili leo, mwezi ujao atatengeneza jingine. Kitu kinapanda heshima pale mkono uliokitengeneza ukishaacha kazi."

Hakusema neno baya hata moja. Uovu niliumalizia mimi mwenyewe.

Kwa siku tatu maneno yale yalinizunguka kichwani. Nikakumbuka ukurasa mmoja wa vyungu niliokuwa naufuata, jinsi mfinyanzi wake alipofariki na watu wakagombea vyungu kama wamechanganyikiwa. Siku ya nne nikaketi dukani, mashine ya nakala ikiwa bado haijapata moto, nikaandika:

"Fundi wetu ametutoka. Alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya usharika, aliyeyapenda malori kuliko madereva wenyewe. Hayatatengenezwa mengine. Yaliyobaki duniani ni haya kumi na moja."

Nikaweka picha yake akiwa na kofia yake ya sufu, mkono juu ya randa. Nikatuma.

Jamani! Dakika ya kwanza tu simu ilianza kutetemeka mezani.

Kuna jambo la kunihukumu zaidi. Kabla ya kufungua duka niliwahi kujitolea mwaka mzima kwenye redio ndogo. Mhariri wetu alikuwa mkali kwa jambo moja: habari ya kifo haisomwi hewani mpaka ndugu wa damu athibitishe. Alinirudisha mara mbili kwa miguu kwenda kuuliza. Sheria ile naijua kama jina langu.

Sasa, chini ya tangazo langu, mtu mmoja akauliza: "Ni kweli? Nani kathibitisha?"

Nikajibu: "Mimi ni mpwa wake. Nathibitisha."

Niliandika hivyo. Niliijua sheria, na mimi ndiye niliyekuwa ndugu wa damu.

Malori kumi na moja yaliisha kabla ya saa sita mchana. Baba wa Dar alichukua matatu bila kuuliza chochote isipokuwa, "Alisumbuliwa na nini?" Nikamwambia mgongo. Wengine walinitumia rambirambi, nikazipokea. Eti nikizirudisha wataniuliza kwa nini. Ole wangu!

Nilimpigia mjomba kumwambia yote yametoka. Alipiga kelele za furaha mpaka nikaiondoa simu sikioni.

"Mizani imefunguliwa! Umewaambia nini hao watu?"

"Nimewaambia tu ni mazuri."

"Basi naingia kazini leo hii. Usiniletee habari ya mgongo."

Akaingia kazini. Marehemu wangu akaanza kutengeneza malori mapya kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona, na mimi nikawa na tatizo ambalo sikulifikiria: zile tarehe za penseli. Kila lori jipya lilikuwa linaonyesha limemalizwa siku kadhaa baada ya kifo cha fundi!

Jumamosi nikapanda gari hadi Kifanya kumwambia asiandike tarehe tena.

"Kwa nini?"

"Wateja hawazipendi, mjomba. Zinachafua mbao."

Akaligeuza lori lililokuwa mkononi, akaitazama tarehe yake. "Mimi naandika ili nikumbuke siku zangu nilizitumiaje," akasema. Hakubishana. Akachukua msasa mwenyewe, akaifuta, akanipa. Mpaka leo nikisikia msasa ukipita kwenye mbao naondoka mahali hapo.

Tulikuwa bado kwenye hilo la tarehe tuliposikia mtu akilia kwa sauti kubwa njiani. Alikuwa mtani wa mjomba, Mngoni mmoja mfanyabiashara wa mbao anayeishi Njombe mjini. Wanataniana tangu ujana. Koti la mvua amelivaa kinyume, jembe begani, analia kilio cha kuigiza huku akiita, "Mbena wangu! Nani atanilipa kuku wangu sasa? Nionyesheni kaburi nilale humo, asizikwe mtu mpaka nipewe haki yangu!"

Akakata kona ya nyumba. Akamkuta marehemu ameshika msasa.

Alisimama kama mti.

"Kamwene," mjomba akamsalimu.

"Usinisalimie! Maiti haitangulii kusalimia."

"Nani maiti?"

"Wewe! Nimefunga ofisi, nimepanda gari, nimelia tangu barabarani mpaka koo limekauka, kumbe unakwangua mbao! Mbena hata kufa anapiga ubahili."

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Alidhani ni utani wa kawaida, kwamba mwenzake amekuja kumzika kwa mzaha kama watani wanavyofanya. Mtani naye akaanza kucheka, kisha akaacha ghafla. Akatoa simu yake.

"Sikiliza, ndugu yangu. Utani ni kilio changu tu. Habari ya kifo sikuitunga mimi. Tazama."

Mjomba ana simu ndogo ya vitufe, hajawahi kuuona ukurasa wetu. Aliishika simu ya mtani kwa mikono miwili. Aliiona picha yake na kofia yake. Akanigeukia mimi, na usoni hakukuwa na hasira wala shaka. Alikuwa ananiuliza tu, kama anavyoniuliza kila siku mambo ya simu asiyoyajua.

"Mpwa wangu, hii ni nini?"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Sentensi moja tu. Nikasema, "Wezi wa mtandaoni, mjomba. Wameingia kwenye ukurasa wangu."

"Wezi," mtani akarudia, akinitazama. "Wezi hao wanajua mpaka kwamba anaimba besi?"

Mjomba ndiye aliyenitetea. "Wezi wa siku hizi wanajua kila kitu. Wewe, mwanangu, lifute tu hilo tangazo."

"Nitalifuta."

"Lifute leo. Kifo si kitu cha kuacha kinazagaa."

Nikasema sawa, na sikulifuta. Sikilizeni sababu yangu, mnicheke au mnilaani: malori manne mapya yalikuwa tayari, na kulikuwa na watu waliokuwa wamekosa yale kumi na moja wakiniomba nitafute hata moja lililosahaulika. Nikajiambia nitayatoa haya manne kama yameokotwa stoo, kisha Jumatatu nitafuta. Siku mbili tu. Nani atakufa kwa siku mbili?

Jumatatu asubuhi nilifuta. Lakini Jumapili, wakati mjomba anaimba kanisani, tangazo langu lilikuwa limefika Manda.

Hapa lazima niwaeleze habari za mama mkubwa. Mama yangu na mjomba walikuwa na dada yao, wa kwanza kuzaliwa kati yao watatu. Aliolewa Manda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na mvuvi. Miaka mingi iliyopita bibi yetu, mama yao, alipofariki, mama mkubwa alipelekewa habari, akaanza safari. Mvua ilikuwa kubwa, barabara ya Ludewa ikafunga. Huku Kifanya watu walisubiri siku mbili, kisha mjomba akaamua bibi azikwe. Mama mkubwa alifika siku iliyofuata akakuta udongo.

Hakulia. Alisema tu, "Kumbe mnaweza kuzikana bila mimi. Basi endeleeni." Akarudi Manda. Mama yangu alipofariki hakuja. Mjomba alimpigia simu miaka yote hiyo hakupokea, mpaka mwaka huu, baada ya Pasaka, alipopokea kwa mara ya kwanza. Wakazungumza habari ya dawa za miguu. Mara ya pili wakazungumza habari ya utotoni. Mjomba alinieleza simu ile kama mtu anayeeleza muujiza: "Amecheka, mpwa wangu. Nimemkumbusha mbuzi wetu aliyekula kitabu cha nyimbo, akacheka!" Walikuwa wamepanga aje Desemba. Katika tumbo la mama yao walikuwa wamebaki wawili.

Haya yote niliyajua. Nilipoandika tangazo niliyajua. Sikumfikiria hata kidogo. Kwangu mimi mtandao ulikuwa Dar, Arusha, watu wa makabati ya vioo. Sikufikiria kwamba Manda pia kuna simu.

Mke wa mwanawe ndiye aliyeliona, akamsomea. Haya niliambiwa baadaye. Mama mkubwa aliinuka, akafunga mzigo, akasema, "Safari hii nitafika." Kwa nini hakupiga simu kwanza? Alipiga! Alipiga kwa mjomba Jumapili ile mara tatu, na simu ilikuwa imezimwa kwa sababu mjomba alikuwa kanisani, na baada ya kanisa iliisha chaji. Simu iliyozimwa ya mtu aliyetangazwa amekufa. Wewe ungeelewa nini?

Alifika Jumanne mchana. Nilikuwepo uani, nayafunga yale malori manne kwenye magazeti. Nilisikia kilio tangu barabarani, na safari hii hakikuwa cha utani. Mtu anayelia kweli hachagui maneno. Alikuwa anaita jina la utotoni la mjomba, ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia.

Akaingia uani, mama mzee, kichwani amebeba kapu la usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, wa kulisha waombolezaji, miguu imevimba kwa safari. Akatazama uani: hakuna turubai, hakuna watu. Akaelewa jambo moja tu.

"Mmeshamzika?" akaniuliza. "Mmemzika tena bila mimi?"

Mjomba akatoka chumba cha nyuma na randa mkononi.

Kapu lilimteleza. Usipa ukamwagika. Akakaa chini pale pale, miguu ameinyoosha kama mtoto. Mjomba alitupa randa, akapiga magoti, akataka kumshika mikono.

"Dada. Dada yangu. Niko hai, nitazame."

"Usinishike."

"Dada, ni wezi wa mtandaoni. Muulize mwanao huyu."

Mama mkubwa akanigeukia. Macho yake ni macho ya mama yangu, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. "Mwanangu," akasema, "ni kweli? Ni wezi?"

Mungu alinipa nafasi ya pili, wenzangu! Ilikuwa nafasi nzuri kuliko ya kwanza, maana sasa niliona kabisa gharama ya uongo wangu imekaa mbele yangu kwenye vumbi.

"Ndiyo, mama mkubwa," nikasema. "Ni wezi."

Alinitazama. Akayatazama malori miguuni pangu. Nilikuwa nimebandika kila moja karatasi ndogo niliyoichapa dukani kwangu, herufi nzuri za dhahabu. Alisoma polepole, kwa sauti, kama mtu anayesoma Biblia ya maandishi madogo: "Kazi ya mwisho ya fundi."

Kisha akamtazama kaka yake, si mimi.

"Kumbe umekufa kibiashara," akasema.

"Dada, mimi sijui hata hiyo karatasi—"

"Mama ulimzika upesi, hukunisubiri. Wewe umejizika ukiwa hai ili malori yatoke. Na mimi nimelia tangu Ludewa."

Mjomba akanitazama. Hapo ndipo alipoelewa, nina hakika. Alikuwa anajua kusoma. Aliniona nilivyoinamisha kichwa. Angeweza kuninyooshea kidole, na mimi nisingeweza kukana. Alikaa kimya akanibebea, na dada yake akauchukua ukimya wake kama kukiri.

Hakunywa hata maji. Alikataa mkono wangu alipoinuka. Mjomba alimfuata mpaka barabarani, mimi nikabaki uani naokota usipa kwenye vumbi mmoja mmoja, kana kwamba nikiumaliza wote kuna kitu kitarudi mahali pake. Gari la Njombe lilipopita aliingia bila kugeuka.

Baada ya siku ile mjomba hakushika randa. Alikaa barazani, malori ya kweli yakipita, na hakuyatazama. Sokoni watu walianza kumwita "marehemu", kwa mzaha, naye anaitikia. Kwenye kwaya walimuuliza kama arudi kwenye besi au apangiwe sauti ya malaika. Alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa nasikia habari hizi kwa watu, kwa sababu sikuweza kwenda Kifanya. Wiki mbili sikwenda.

Mtani ndiye aliyekuja dukani kwangu. Hakunitania. Alisubiri mteja aondoke, akasema, "Binti, mimi nina ruhusa ya kumzika Mbena yule kwa mzaha, kwa sababu wazee wetu walishapigana wakapatana. Wewe nani alikupa ruhusa?" Akaondoka.

Siku iliyofuata nilikwenda. Nilimkuta mjomba anamenya viazi. Nilipiga magoti mlangoni, nikaongea bila kupumua: ni mimi, mjomba, hapakuwa na wezi, niliandika mwenyewe, nikathibitisha mwenyewe, nikakuacha ulaumiwe.

Aliendelea kumenya.

"Bado unayo hayo maneno?" akauliza.

"Yapo kwenye simu."

"Nisomee."

Nilimsomea mjomba wangu tanzia yake. Sauti ilinikatika mara mbili, akasubiri mara zote mbili. Nilipomaliza akaniuliza, "Hapo uliposema mtu mpole, ulikuwa unatafuta wateja au ulikuwa unasema kweli?"

"Nilikuwa nasema kweli."

"Basi mtu mpole amekasirika sana. Nataka ulijue hilo. Sitapiga kelele, lakini ulijue."

Afadhali angenipiga! Nililia, naye hakunibembeleza. Alimaliza viazi, akaviosha, akaviweka jikoni.

Nikamwambia nitampigia mama mkubwa sasa hivi nimweleze kila kitu. Akakataa. "Simu ndiyo iliyoniua. Nikiituma tena simu atasema hata huyo anayeongea si mimi. Nitakwenda mwenyewe, anione na miguu yangu." Nikamwomba twende wote, mgongo wake hauwezi kukaa kwenye gari siku nzima, tena kwa barabara ile. Akasema, "Wewe utakuja ukiitwa."

Kwa hiyo nimefanya yaliyobaki. Niliandika kwenye ukurasa kwamba fundi yu hai na kwamba mwongo ni mimi. Nusu ya watu hawakuamini. Walisema mwizi ameingia kwenye ukurasa anataka kumfufua mtu apate kuuza zaidi! Rambirambi nimezirudisha. Baba wa Dar alinijibu kwa maneno machache: alikuwa amenunua na moja la yale manne ya baadaye, akaligeuza chini, akaona alama za msasa pale palipokuwa na tarehe, na alikuwa anasubiri aone kama nitasema. Malori yake yote manne ameyatoa kabatini. Hakuniambia ameyapeleka wapi.

Kisha nikaufunga ukurasa.

Wewe unayeuza kazi ya mkono wa mtu mtandaoni, uza mbao, uza rangi, uza magurudumu. Usiuze uhai wake wala kifo chake, hata kama ni ndugu yako, hasa kama ni ndugu yako. Na ukishadanganya, usijipe siku mbili. Mimi uongo wangu wa kwanza ungefutika kwa kidole kimoja. Hizo siku mbili nilizojipa ndizo zilizomfikisha mama mzee barabarani na kapu kichwani. Kukaa kwangu kimya mbele yake ndiko kulikomrudisha Manda akiwa hana kaka.

Mjomba aliondoka Kifanya jana alfajiri. Alilala Ludewa. Leo saa nne asubuhi mke wa yule binamu yangu wa Manda, aliyemsomea mama mkubwa tangazo langu, ameniandikia ujumbe. Naunakili kama ulivyo: "Mzee amefika. Amekaa nje kwenye benchi. Bibi yuko ndani amefunga mlango. Hawajasalimiana."

Nimemuuliza mara tano kuna nini sasa. Saa kumi jioni inakaribia, na ujumbe wake wa mwisho ni huu: "Bado amekaa."